Vidole vya Anicet

Mtu akikuambia Anicet alikuwa na bahati mbaya, mkatalie. Nimeshona nguo kwenye baraza la kanisa letu hapa Mishamo kwa muda mrefu, nimewaona wote wakiingia na kutoka, na najua alichokuwa nacho Anicet. Alikuwa na vidole visivyosikia kitu. Yaliyompata yeye na yaliyowapata wengine yalianzia hapo, ingawa wenzangu wa kanisani mpaka leo wanapenda kumtwika Mungu mzigo huo, maana Mungu halalamiki.

Alizaliwa hapa hapa, wakati wazazi wetu bado wanaitwa wakimbizi. Ujanani alikuwa mrefu, mcheshi, mwepesi wa baiskeli, mtu wa kupeleka gunia la mahindi sokoni na kurudi akipiga mluzi. Kisha akatokewa na baka mgongoni lisilowasha, na mikono ikaanza kufa ganzi. Alijua ana ugonjwa siku aliponyanyua sufuria jikoni kwa mama yake, harufu ya nyama inayoungua ikamfikia, akatafuta nyama iko wapi, kumbe ni yake. Maumivu hayakuja kabisa. Ulikuwa ukoma. Dawa alipewa bure, akazimeza zote, akapona, akaambiwa hawezi kumwambukiza mtu. Lakini kilichokufa mikononi hakikufufuka. Vidole vikabaki vimejikunja, vina makovu, na kaka zake wakamtengea sahani na kikombe. Hawakumfukuza nyumbani. Walimtengea sahani tu, na nadhani sahani ile ilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Thacienne akakubali kuolewa naye. Thacienne ni rafiki yangu, ana mdomo mkali kuliko wangu, na hilo si jambo dogo. Walipata mtoto mmoja, Rénovat, ambaye sasa ni fundi pikipiki Mpanda mjini. Walilima, wakala, wakavaa, na Jumapili walikaa benchi la nyuma kabisa, kwa sababu Anicet hakutaka kumpa mtu shida ya kusalimiana naye.

Sasa nielezee shamba, maana bila shamba hutaelewa chochote. Kaya saba za kanisani zilikuwa na kikundi, zinalima pamoja mahindi ng'ambo ya kijito, ubavuni mwa msitu wa hifadhi. Ardhi nyeusi, inazaa vizuri, ila jirani yake ni tembo. Mahindi yakianza kukomaa tu, nao wanafika. Kikundi kilizungusha kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, kikachoma kinyesi cha ng'ombe ili moshi uwaudhi, na kikajenga madungu matatu, yaani vibanda vya mlinzi juu ya miti. Mawili yalikuwa upande wa barabara, yamekaribiana, wanaume wanakesha humo wakipiga soga na kuchoma mahindi. La tatu lilikuwa mbali, ukingoni mwa msitu. Huko alilala mtu mmoja, kazi yake kupiga debe akiona tembo, ili wenzake waje na mienge. Ukiwauliza kwa nini mmoja, wanakujibu kwamba debe halihitaji wapigaji wawili. Ukweli ni kwamba hakuna aliyetaka kuwa wa pili.

Wakaamua kupiga kura. Mzee Simon, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kikundi, alikataa karatasi. "Karatasi inakunjwa na mtu," alisema. "Mtu ana hila. Haragwe limeumbwa na Mungu, tutumie haragwe." Wote wakaona hekima. Basi likawekwa buyu lenye shingo ya kupitisha mkono, ndani yake maharage madogo ya njano na moja kubwa jekundu. Kila jioni, jua likiwa bado juu ya miti, walikutana hapa kanisani, wakasali, kisha mmoja wa kila kaya akaingiza mkono, wakizunguka mpaka jekundu litoke. Atakayetoka na jekundu ndiye wa dungu la mbali.

Jekundu lilimpenda Anicet. Wengine wote kwa pamoja hawakulipata kama alivyolipata yeye peke yake. Mwanzoni watu walishangaa, halafu wakazoea, halafu wakapata maelezo. Wapo waliosema Mungu anamsafisha, wapo waliosema Mungu ameona moyo wake. Na wale waliokuwa wakijifuta kiganja kwenye suruali baada ya kumsalimia, sasa walimshika mkono kwa nguvu na kumwambia amebarikiwa.

Naye alifurahi, jamani. Ningependa kusema alivumilia, lakini alifurahi. Siku moja alikuja nimtie kiraka kwenye koti lake la kulalia dunguni, akaniambia, "Dada, mimi nyumbani kwetu nilitengewa sahani. Sasa angalia. Mikono saba inaingia mle ndani, na Imana inajua upi ni wa Anicet." Imana ndiye Mungu kwa lugha yetu ya nyumbani, na alilitamka jina hilo kwa sauti ya mtu anayemtaja rafiki yake. Mimi huwa na utani kwa kila kitu, lakini siku ile nilishona kiraka kwa uzi maradufu.

Thacienne hakufurahi hata kidogo. Tembo walikuwa wameshalitikisa lile dungu mume wake akiwa ndani, zaidi ya mara moja, na yeye anarudi asubuhi anacheka. "Mungu gani huyu," aliniuliza, "anayemchagua mtu asiyeweza kushika tochi vizuri kwenda kushika tochi?" Nilimwambia amuulize Mzee Simon. Alikuwa ameshamuuliza, na alijibiwa aombe imani.

Kijana mmoja wa kikundi, Salvator, alikuwa anaoa. Bibi harusi alikuwa Lidia, binti mpole wa kijiji cha pili. Thacienne alikuja barazani kwangu na maharage ya karamu, akakaa kwenye mkeka, ungo mapajani, anatenga mekundu huku na ya njano huku, kwa sababu ukiyachemsha pamoja haya yanaiva na yale yanabaki mawe. Macho yake hayakuwa kwenye ungo. Alikuwa ananisimulia ugomvi wa mke wa Aloyce wa kikundini na jirani yake, kichwa kimegeukia barabarani, mkono unatupa. Ghafla akakatiza habari. Akatazama ungo, akatazama lile fungu la njano, akalichambua kwa kidole. Hapakuwa na jekundu hata moja ndani yake.

"Nani ametenga haya?" akaniuliza.

"Wewe. Nani mwingine?"

"Mimi nilikuwa kwa mke wa Aloyce na matusi yake. Mkono ndio umetenga."

Akachanganya upya, akafunika ungo kwa kanga, akaniambia niingize mkono nitoe moja bila kufikiri. Nikatoa la njano. Tena. La njano. Nikatoa na kutoa, mpaka nikaanza kuudhika, maana nilikuwa na pindo la gauni la kumaliza na wala sikujali nitoe lipi. Lakini vidole vyangu vilijali. Vilikuwa vinayagusa yale manene mekundu na kuyaruka, bila kunitaka ushauri. Sisi tumechambua maharage tangu tukiwa watoto, tunayajua gizani, tunayajua usingizini. Ukiongeza na woga wa dungu la mbali, mkono gani ungelichukua jekundu la kwenye buyu?

Hakuna aliyekuwa anadanganya. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Ningempata mwongo mmoja, ningemtukana, ningelala.

"Vidole vyenu vinaliacha," Thacienne akasema polepole. "Vyake haviwezi kubana haragwe dogo. Vimejikunja, vinakokota tu, na kinachonasa ni lile kubwa." Akautupa ungo pembeni, maharage ya harusi yakasambaa barazani. Alilia kwa hasira, akiyapiga ngumi yale maharage. "Mle hamna Mungu, mama. Mle mna maharage."

Nilimshauri amwambie mumewe. Akaniangalia kana kwamba nimesema kitu cha kijinga, na labda nilikuwa nimesema. "Nikimwambia, namwachia nini? Huyu mtu ana kitu kimoja tu duniani, anaamini ameitwa. Nikimnyang'anya hicho, afadhali tembo." Akaanza kuyaokota maharage. "Na nikinyamaza, ni tembo kweli."

Basi akatafuta njia ya tatu. Yeye ndiye aliyekuwa anafagia kanisa Jumamosi. Alilitoa jekundu ndani ya buyu, akaweka mahali pake haragwe dogo la njano, sawa na wenzake, lenye nukta nyeusi ndogo iliyochomwa kwa ncha ya sindano. Sindano ilikuwa yangu, na tuliipasha moto kwenye mkaa wa pasi yangu, na wala sioni aibu kusema hivyo. Mzee Simon aliambiwa lile la zamani limebunguliwa na wadudu. Akalishika jipya mbele ya mwanga, akaiona nukta, akasema sawa.

Kuanzia hapo kura ikaanza kutembea. Ilimpata Mzee Simon mwenyewe, na jioni hiyo sala ilikuwa ndefu ajabu. Ilimpata Aloyce, tumbo likamsumbua ghafla, lakini akaenda. Kila mmoja akaonja baridi ya ukingo wa msitu, na maneno ya baraka yakapungua mno pale kanisani. Thacienne alianza kulala usingizi. Alinenepa kidogo, nikampanulia nguo.

Anicet yeye akaanza kukauka. Alikuwa anaingiza mkono, anachota, yanaponyoka, linabaki moja, analitazama, halina kitu. Jioni baada ya jioni. Akaja kwangu akaniuliza, "Dada, umewahi kunisikia nikitukana mtu?" Nikamwambia hapana. "Basi nimekosa nini? Alikuwa ananitafuta. Sasa anapita kana kwamba sipo." Alifunga kula. Alipoacha kufunga, alichukua sahani yake akawa anakula nje peke yake, bila kuambiwa na mtu. Niliumia kumwona. Nilimwambia Thacienne, akanijibu kwa ukali: "Heri anune akiwa hai."

Kisha jioni moja nukta ikatoka na Salvator. Ndoa yake ilikuwa bado mbichi, na Lidia alikuwa mjamzito. Salvator alicheka, akawaonyesha wenzake lile haragwe, akasema leo tembo watamjua. Anicet akasimama kutoka benchi la nyuma. "Niachie mimi, kijana. Mimi dungu lile nimelizoea."

Mzee Simon akakataa. "Kura ikishatoka, imetoka. Tukianza kupeana, itakuwa ni mapenzi yetu, siyo ya Mungu."

Thacienne alikuwa mlangoni na ufagio. Alisikia yote. Alikuwa na nafasi ya kusema, na hakusema, kwa sababu aliyekuwa anasimama pale akiomba kwenda ni mume wake. Mimi simlaumu. Ningekuwa na mume ningefanya hivyo hivyo.

Usiku ule debe halikulia. Waliolala madungu ya barabarani walidhani ni amani. Asubuhi walikuta dungu la mbali liko chini na Salvator yuko chini yake, na nyayo za tembo zimepita juu ya vyote viwili kuelekea kwenye mahindi. Mguu mmoja wa dungu ulikuwa umeliwa na mchwa kwa ndani, umebaki ganda. Ungeweza kuvunjika juma lililopita, akiwa juu Mzee Simon. Ungeweza kuvunjika msimu ujao, bila mtu. Mchwa walikula kwa mwendo wao, tembo walipita njia wanayopita tangu zamani, na nukta ya sindano ikamweka kijana pale katikati. Kila kimoja kina sababu yake. Sababu ya vyote kukutana, nimeitafuta, sijaiona.

Kwenye maziko Mzee Simon alisema Bwana amemchagua kijana wetu. Lidia alikaa chini mikono juu ya tumbo, hakulia kwa sauti, na kila mwanamke aliyemkumbatia alitoka pale analia yeye. Anicet alichimba kaburi na wanaume wenzake, mpini ukamchuna viganja hadi damu, na hakujua mpaka alipoambiwa.

Nyumbani, Thacienne alinisimulia, mumewe alikaa kitandani akasema, "Kile kilikuwa kifo changu, mama Rénovat. Mungu amenikataa hata kwenye kifo, akachukua mtoto." Akayarudia hayo mpaka Thacienne akashindwa kuyabeba. Akamweleza yote: ungo, kanga, sindano. Anicet alisikiliza bila kumkatiza. Akauliza tu lile jekundu liko wapi. Lilikuwa limefungwa kwenye pindo la kanga. Akalichukua, akalizungusha kati ya vidole, akiliangalia kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kujua kwamba amelishika.

"Kwa hiyo misimu yote ile," akasema, "nilikuwa nazungumza na haragwe."

Matanga yalipoisha kikundi kikakutana, maana mahindi yalikuwa bado shambani na tembo hawakai matanga. Lidia alikuja kwa ajili ya kaya yake. Mzee Simon alipotaka kuanza sala, Thacienne akasimama, akayasema yote mbele yao. Nilikuwa barazani mbele ya mlango ulio wazi, nimesimamisha cherehani, nikasikia kanisa linageuka soko. Umeingilia mkono wa Mungu! Umemuua mtoto wa watu! Aloyce aliapa kwa kaburi la baba yake kwamba hajawahi kukwepa haragwe hata siku moja. Thacienne aliwaacha wapige kelele. Kisha akatumbukiza jekundu ndani ya buyu, akaondoa lenye nukta, akasema, "Ingizeni mikono. Nyie si hamkwepi? Ingizeni."

Wakaingiza, kwa hasira, mmoja mmoja. Aloyce alifumba macho kabisa. Lidia naye aliingiza. Wote wakatoka na njano, na Anicet akatoka na jekundu. Likarudishwa. Wakarudia. Jekundu likatoka na Anicet. Mara ya tatu hakuna aliyekuwa anapiga kelele tena. Walikuwa wanaviangalia vidole vyao kwa namna ambayo sijawahi kumwona mtu akiangalia mwili wake mwenyewe.

Mzee Simon alikaa chini. Lazima niseme kwamba alikuwa mkweli, uso wake ulikuwa umezeeka pale pale. "Mungu anaweza kutumia hata vidole," akasema. "Vyetu na vya Anicet. Nani ajuaye?" Mimi nilikuwa na jibu, ila nilikuwa nje, na sikuwa mwanakikundi.

Aliyejibu ni Lidia. Hakupaza sauti, ilibidi nisogee dirishani kumsikia.

"Mngeliacha lile la zamani," akasema, "mume wangu angekuwa hai."

Ilikuwa kweli. Yule binti alikuwa amesema kitu cha kweli kuliko yote yaliyosemwa humo ndani siku ile.

"Lirudisheni," Lidia akasema. "Mimi sasa ndiye nitakayeingiza mkono kwa ajili ya nyumba yangu. Nina mtoto tumboni. Lirudisheni jekundu."

Nilingoja mtu wa kushtuka. Nilingoja Mzee Simon aseme hapana, aseme sasa tunajua, hatuwezi tena. Badala yake akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza saa, ni nani wanaokubali kura irudi ilivyokuwa. Lidia akainua mkono. Aloyce akainua, macho yameelekea ukutani. Wengine wakafuata, na Mzee Simon mwenyewe akainua wake hadi usawa wa bega. Hakuna aliyetaja jina la mtu. Hapakuwa na haja, lilikuwa ni haragwe tu.

Thacienne aligeuka benchi la nyuma. Anicet alikuwa anamtazama Lidia, na lile tumbo. Akainua mkono wake uliokunjamana. Thacienne akamrukia, akaushika, akaushusha kwa nguvu zake zote na kuukandamiza mapajani mwake, analia, anamwambia, "Baba Rénovat, usiwasaidie. Acha wafanye wenyewe, usiwasaidie."

Anicet akautoa mkono wake taratibu, akauinua tena.